Nganda Yenye Inanipa Pumzi

Miaka mingi niliomba Mungu afunge nganda, ile baa ya jirani yangu. Leo ninamuomba aiache wazi, na nafikiri Mungu mwenyewe amechoka na mimi, hajui tena ashike neno gani.

Nyumba yangu iko hapa Hewa Bora, mu lupango, kiwanja yenye bwana yangu, Mungu amuweke pazuri, alijenga na feza ya kazi yake ya treni, tofali juu ya tofali. Kuko muti ya avoka mu uwanja, na kati yangu na nganda kuko ukuta moja tu. Kule banakunywa bière, banacheza, bafle ya muziki inalia mpaka sahani zangu zinatetemeka mu kabati. Na mimi niko prezidanti ya bamama ya kanisa mu kartie, mutaa yetu. Masomo sikufika mbali, lakini kinywa Mungu alinipa kamili. Nilimwanga mayi ya sabuni juu ya ukuta, ku bichwa ya balevi. Nilisali rozari kwa sauti, nikiangalia bafle usoni. Mwisho nikapeleka bamama kwa shefu wa kartie, tukashitaki: ile nganda ifungwe. Shefu akasema atatuita.

Tulipokuwa tunangojea, busingizi ikaanza kunikamata fasi yote. Kukoroma, nilikoroma tangu zamani, sikuona haya. Bwana yangu alisemaka treni ya kazi inamufuata mpaka ku kitanda. Lakini sasa nililala muchana. Nililala mu misa, nimepiga magoti, bantu bakasifu sala yangu. Nililala nikisonga bukari, mwiko mu mukono, mpaka bukari ikaungua na mimi nimesimama pale sawa nguzo ya kuran, ya umeme.

Mujukuu yangu mwanamuke, yenye anaishi na mimi, njo alivumbua ugonjwa. Sisi tunaitana mupali, ni kusema muke-mwenza, juu kwetu mujukuu anarizi bwana ya nkambo, bibi yake, hata kama bwana alishakufa.

"Mupali," aliniambia asubui moja, tukikunywa chai, "weye unakufaka busiku."

"Kufa namna gani?"

"Unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Pumzi hakuna. Ninasema basi, nianze kulia, niite bantu. Halafu unarudi, hrrraaa, sawa muntu anatoka chini ya mayi. Kisha unakufa tena."

"Lazaro alifufuka mara moja tu, na balimuandika mu Biblia," nikasema. "Mimi ninafufuka busiku muzima na hakuna muntu anaandika."

Hakucheka. Akapigia baba yake simu.

Baba yake, mutoto yangu ya kwanza, anakaa Makomeno, mu nyumba ya muzuri, na mukamwana yenye anavaa biatu hata ndani. Alinipeleka kwa munganga. Munganga akanifunga manyuzi ku kidole na ku kifua, nikalala kule kwake, na asubui akasema: mama, ukilala, mulango ya koo inajifunga, moyo inahangaika kutafuta hewa. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni mashini.

Mashini iko ndogo sawa redio. Inatoka tiyo, bomba ya plastiki, na ku mwisho ya tiyo kuko maski ya kufunika pua, inapiga hewa ndani busiku yote ili ule mulango isijifunge. Nilijiangalia mu kioo: tembo mwenye kitambaa ya kichwa. Mupali akawasha. Nikataka kuita Mama Maria, na mara tu nilipofungua kinywa hewa yote ikapita pale, mashavu ikajaa, ikatoka "fffuuu" sawa mupira ya kinga, ya baiskeli, yenye imetoboka. Nikashika rozari ili nipate nguvu, rozari ikajizungusha na tiyo, nikabaki nimefungwa shingo sawa mbuzi ya sikukuu. Mupali alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini nikazoea. Na busiku ya kwanza yenye nililala nayo muzuri, asubui niliamuka na kichwa nyepesi sawa nguo imekauka ku jua. Nikaangalia ukuta ya chumba yangu. Ilikuwa kijani. Nilikuwa nimesahau kama iko kijani.

Basi mateso ikaanza. Mashini inakula kuran, na kuran ya Hewa Bora iko sawa mukwe mwenye kiburi: anakuja akitaka, na hakai kula. Tuliweka paneli ya jua ku paa, wezi bakakuja kuivuna sawa mahindi. Bila kuran, ile maski ni soksi tu ya pua. Nikarudi kufa na kufufuka.

Mutoto yangu akasema, "Mama, tunaenda Makomeno. Kule niko na batri mukubwa."

"Na avoka yangu nani ataichunga?"

"Mama, ni pumzi ao ni avoka?"

 Makomeno ninaijua. Batanipa chumba ya nyuma na televizyo, na kila mara nikisema neno, mutu atasema, "Nkambo, polepole." Mwanamuke mwenye hana lupango yake iko sawa kiti ya mugeni: bakitaka kufagia, banamusogeza. Nikamuomba aniache mpaka kesi ya nganda iishe. Hauwezi kutoka mu vita katikati.

"Mpaka kesi iishe tu," akasema. "Siku hiyo hiyo ninakuja na pick-up."

Mangaribi moja kuran ilikatika, kartie nzima giza. Mupali akainua kidole. "Sikiliza."

Nyuma ya ukuta, groupe ya nganda ilikuwa inazunguka, ile motere ya mazutu yenye inabatengenezea kuran yabo. Bière haifai kupata joto. Sababu ya friji, ile groupe inazunguka mpaka asubui, hata muziki ikiisha.

"Hapana," nikasema.

"Sawa. Makomeno."

Nikafunga kikwembe muzuri, nikachuma avoka, nikaenda.

Papa ya nganda, ule jirani mwenye baa, iko muntu ya Kasai, mimi ya kaskazini ya Katanga. Kila mutu na lugha ya mama yake, lakini kugombana tunagombana mu Kiswahili. Aliponiona akarudi nyuma.

"Eh! Mama Prezidanti! Leo umeleta mayi ya sabuni ao ya safi?"

"Nimeleta avoka."

Akaangalia kapu, akaniangalia. "Kuko sumu?"

"Kula, utajua."

Nikamuelezea mashini, tiyo, mulango ya koo. Alicheka, akaita batumishi yake: "Mukuje musikie! Mama anasema nganda yetu imupe pumzi!"

"Si nganda. Kuran."

"Kuran ni ya bière, mama. Bière ikikosekana, kuran hakuna. Ni kusema pumzi yako inatoka mu chupa."

Nikanyamaza. Bantu benye bananijua bataelewa bei ya ile kimya. Na yeye akaacha kucheka.

"Mama yangu naye alikoromaka vile," akasema. "Asubui moja hakurudi."

Akaenda mwenyewe kutafuta ralonji, waya murefu ya kuran, akaipitisha juu ya ukuta, pale pale nilimwangaka sabuni. Ile busiku bafle ililia ku kichwa yangu, na mimi nililala sawa jiwe mu mayi. Niliota ninacheza.

Sikuota siku mingi. Bamama bakafika kwangu na nyimbo na vigelegele: shefu ametuita, na mpaka siku ya kesi ametoa amri nganda ifungwe! "Prezidanti, tumeshinda nusu!" Nikaimba nabo. Nikapiga vigelegele na koo yenye haikujua kama itafika asubui. Friji zikatolewa bière yote, groupe ikazimwa. Juma yote nililala nimekaa, mugongo ku ukuta, nikikatika na kuamuka.

Siku ya kesi mutoto yangu akafika mapema na pick-up, mukamwana kando, kamba ya kufunga godoro mu mukono.

Kwa shefu baliweka biti chini ya bâche, turubai ya kivuli. Mu roho nilipanga: nitasimama, nitasema ukweli mbele ya bamama, nganda ibakie. Banitoe mu uprezidanti, banitukane, sawa. Makamu yangu akaanza kusema mbele. Chini ya bâche joto ilikuwa muzuri. Kiti ya plastiki ilikuwa muzuri. Yenye inafuata niliiona mu telefone ya mupali, juu ile mutoto asiye na heshima alinipiga video.

"Shefu," makamu yangu anasema mu video, "kelele ya ile nganda..."

Hrrrraaa.

"...haituachie kulala..."

Hrrrraaa.

"Mama, paza sauti," shefu anasema. "Sikusikii."

Anapaza. Na mimi ninapaza. Papa ya nganda anainua mukono na adabu mingi: "Shefu, nganda yangu imefungwa juma yote. Sasa hii kelele inatoka wapi?"

Bantu banacheka, hata bamama. Halafu ninakata. Kimya. Kidevu ku kifua, mukono inaanguka kando ya kiti. Mama moja anaweka mikono ku kichwa: "Yooo! Mama yetu eee!" Wengine banapokea kilio. Shefu anatoa kofia. Mutoto yangu anaangusha kamba. Ni papa ya nganda peke yake anaruka biti: "Mumuamushe! Amebakia njiani, mumuamushe!" Ananishika mabega, ananitikisa sawa muti ya avoka.

Ninarudi na sauti yenye inafukuza kuku ya shefu mpaka barabarani. Na mu ndoto nilikuwa katikati ya hotuba yangu, basi ninasimama, macho imefunga, ninapiga kelele kwa nguvu yote:

"Nganda ibakie!"

Hawakuelewa. Nikafungua macho, nikabaelezea yote: mashini, ralonji, avoka. Makamu yangu akaniangalia sawa Yuda.

Shefu akarudisha kofia. "Muziki inanyamaza saa ine ya busiku," akasema. "Groupe isinyamaze. Muntu yenye atazima ile groupe na huyu mama amelala, nitamuita hapa sawa muuaji."

Mutoto yangu akainama kuokota kamba, lakini mukamwana, yenye alikuwa amesikia ile sauti kwa masikio yake, akamushika mukono. "Papa," akamuambia bwana yake haraka, "mama abakie kwake. Kuran si iko?"

Ile siku nilimupenda.

Mu njia makamu yangu akanisogelea. "Prezidanti, umetuuza kwa avoka."

"Mulilia maiti, munarudi na prezidanti," nikamujibu. "Hasara iko wapi? Na ni nani kati yenu alishinda kesi amelala?"

Sasa saa ine bafle inakufa, na kartie yote inasikia groupe tu. Jana nilikuwa nimelala kumbe sijalala kabisa, nikasikia inakohoa. Nikatoa maski, nikapanda ku kiti, nikaweka kichwa juu ya ukuta.

"We papa ya nganda! Ile mutoto yako anakohoa! Umemupa oile, mafuta yake, leo?"

"Nimemupa, mama."

"Umupe tena!"

Nikamungojea pale juu mpaka nikamuona anakuja na bidon mu mukono, na groupe ikaanza kupumua muzuri. Nikashuka, nikavaa pua yangu.