Uji wa Mzee wa Idodi

Juma lililopita nilikuwa hospitali ya misheni, nje ya Iringa, nikimwuguza kaka yangu. Kitanda cha pili alilala mzee wa Idodi, mifupa mitupu. Binti yake akimbembeleza ale, anafumba mdomo. Nesi akifika, anafumbua macho na kuuliza habari za jirani yake, ambaye wamegombea naye mpaka wa shamba tangu ujana, naye amelazwa wodi ya ng'ambo.

“Yule amekufa?”

“Bado, baba. Amemaliza uji.”

“Basi nami nipe.”

Alhamisi nesi alijibu, “Amefariki alfajiri.” Mzee akatabasamu, akasukuma bakuli, akageukia ukuta. Adhuhuri tulimfunika uso.

Nesi anasema ni homa. Mimi nina jirani anayenisengenya kila mahali. Jana nilimsikia anakohoa, nikampelekea asali.