Safu ya Maji Niliyoiacha Wazi

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na mkono wangu unaikumbuka kuliko kichwa. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimemaliza shule ya msingi tu, na naandika polepole. Hata barua hii nimeianza tangu juzi.

Wakati huo tulilima huku Annexe, pembeni mwa mji, chini ya kilima chenye miti. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi, na mama yangu alimwagilia nayo mboga zake kiangazi chote. Akaja agronome mmoja, bwana shamba, mtu mpole, kutusaidia kuchagua: tukate miti ya kilima, tuchome makala, yaani mkaa wa kuuza, kisha tupande mahindi kwa mbolea ya dukani, au tuache kilima, tupanue bustani. Alichora jedwali kubwa chini kwa kijiti. Njia mbili, na safu tatu: chakula, kazi, maji. Kila mtu aliweka maharagwe mahali alipoona pana faida. Mimi nilipewa karatasi ninakili, kwa kuwa wengine hawakujua kuandika.

Kwenye chakula na kazi, makala na mahindi vilishinda. Kwenye maji, mama alijaza maharagwe upande wa bustani, wenzake wakamfuata. Upande wa makala hawakuweka hata moja.

"Andika ile ya maji muzuri, mutoto wangu," aliniambia. "Bakikata miti ya kilima, chemchemi itakufa."

Lakini mimi nilikuwa bado kwenye safu ya kazi. Papa Ilunga, jirani yetu, akacheka: "We kijana, unaandika ao unashona? Jua itatuchoma hapa!"

Watu wote wakacheka. Masikio yakaniwaka moto. Maharagwe yale yalikuwa mbegu ya mama, wakaanza kuyaokota na kuyarudisha kwenye sufuria kabla sijayahesabu. Ningeweza kusema neno moja tu, ngojeni. Sikulisema.

Agronome alikuwa amekwenda kuangalia kilima; aliporudi alitazama karatasi. "Hapa pa maji pako wazi. Mulisema iko sawasawa pande zote?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Mama alikuwa amekwenda na wenzake kufunga sufuria yake kwenye kitambaa. Hakuona.

Karatasi ikaondoka na agronome, akaijumlisha. Makala yakashinda, msaada ukaja wa mbegu na mbolea, mashoka yakapanda kilimani. Sitadanganya, miaka miwili ya kwanza tulikula vizuri. Papa Ilunga alijenga nyumba ya bati. Kiangazi cha tatu mama alishuka na ndoo, akarudi nayo ina matope. Kiangazi kilichofuata hakukuwa hata na matope. Akahamia mtaa wa Hewa Bora kwa dada yake, akawa ananunua mboga za watu wengine na kuziuza.

Nilimweleza ukweli baada ya miaka mingi. Alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua mpaka fungu likaisha.

"Kumbe kalamu ilikuwa kwako," alisema. "Mi nilidhani ni bale bantu ba musaada hawakutusikia."

Hakurudia tena habari hiyo mpaka kufa kwake.

Mwanangu, ninyi sasa mnapima mashamba kwa simu na ramani, na jedwali linajumlisha lenyewe. Ni vizuri, pimeni. Jedwali halikunikosea mimi, lilijumlisha nilichoandika. Lakini ukiona safu iko wazi, usiseme pande zote ni sawa. Rudi umuulize aliyeweka maharagwe pale. Jueni mtakula nini mwaka huu, na nani atakosa maji mwaka wa tatu. Na ukiwa mtu wa haya kama mimi, jifunze angalau neno hilo moja: ngojeni, sijamaliza. Wacheke. Kicheko kinaisha jioni.

Mungu akupe mkono usioogopa kuchelewa, na kiangazi kikikukuta, kikukute na ndoo iliyojaa.