Walimwita Mvivu kwa Kukimbia Jua la Mchana

Jirani yangu wa Mjimwema, fundi cherehani aliyezaliwa na ualbino, tumemzika wiki iliyopita. Saratani ya ngozi ilimwanzia kwenye mdomo wa chini. Msomaji wangu, usitarajie nikwambie alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi mkali na aligombana na nusu ya mtaa. Leo namtetea pamoja na huo ulimi wake.

Ugomvi mkubwa ulihusu shamba la mahindi la jumuiya yetu. Palizi ilipangwa kuanza saa nne, viongozi wakishamaliza shughuli zao. Yeye aliomba ianze alfajiri, wakakataa. Siku moja mwenyekiti wa jumuiya alimfuata mlangoni, nami nimo ndani napimwa suruali.

“Mama, leo ni mawingu matupu. Unakwepa nini?”

“Shikamoo, mzee. Mawingu yamepunguza joto tu. Kinachoniunguza ni mionzi ya urujuanimno. Haionekani, huihisi, na mawingu inayapenya. Ngozi yako ina rangi ya kukukinga kidogo. Yangu haina.”

“Si uvae kofia?”

“Navaa. Na mikono mirefu, na losheni ya jua ikipatikana. Bado saa sita ni saa sita. Njoo alfajiri uone nani mvivu!”

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alitangaza kwamba yupo mwanajumuiya anayejiona mzungu. Watu wakacheka. Masimango yakamshinda, akachukua jembe. Alilima nao misimu kadhaa, mchana kweupe, midomo ikimpasuka.

Kidonda cha mdomoni kilipogoma kupona, daktari alimwandikia tiba ya mionzi Dar es Salaam. Ndugu zake wakaja juu: mionzi ndiyo iliyomharibu, sasa aongezewe? Aliwaeleza kwa hasira ileile kwamba mionzi si kitu kimoja. Kuna mwanga wa kuonea, kuna joto la kuanikia mahindi, kuna eksirei ya kuonyesha mfupa uliovunjika, na kuna hiyo ya tiba, ambayo wataalamu huielekeza kwenye uvimbe kwa kipimo. Mabishano yakala miezi. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshuka shingoni.

Msibani mwenyekiti alisema, “Mungu amempenda zaidi.” Watu wakaitikia amina. Nilisimama nikamuuliza kama ni Mungu aliyepanga palizi ianze saa nne. Akaniambia nisivuruge msiba. Jumamosi hii palizi imeitishwa tena, saa ileile. Miongoni mwa walioitwa yumo mama mmoja ambaye mwanawe mchanga ana ualbino, na atambeba mgongoni kwa kuwa hana wa kumwachia.

Jua hatuwezi kulihamisha. Saa ya kulima tunaweza. Kila tunapokataa kuisogeza, tujue kwamba tumekaa kikao na kuchagua nani aungue.