Mama Vipande na Mchungaji wa Kuguswa

Saa mbili asubuhi, fundi amesimama katika sebule ya watu, amejifunga macho kwa kitambaa cha kufutia vyombo, na anapapasa ukuta. Mikono yote miwili inapanda polepole, inasita, inashuka, inapanda tena. Mara anashtuka. Kidole kimekutana na ncha kali. Bila kufungua macho anatumbukiza mkono kwenye mfuko wa aproni, anatoa kipande cha msasa na kuanza kusugua.

"Fundi, umepotea? Mlango uko nyuma yako," anasema mwenye nyumba, akiingia na vikombe viwili vya chai.

"Niache, leo nina mtihani," anajibu huku akicheka. "Na msimamizi ameshaamka, namsikia anakohoa."

Msimamizi mwenyewe ni mama mzazi wa huyo mwenye nyumba, mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Mkunga, maana nusu ya mtaa ilipokelewa kwa mikono yake. Muda huu yuko chumbani anavaa gauni lake la kanisani, ingawa leo si Jumapili. Haoni. Presha ya macho ilianza kumnyang'anya dunia kidogo kidogo kutoka pembeni, hadi ikabaki nuru hafifu kama ya nyuma ya pazia.

Fundi naye ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndoo nyingi za zege. Kazi yake ni kupanga vigae kwenye mabafu na majiko ya watu. Jina lake la mtaani ni Mama Vipande, kwa sababu hatupi kigae kilichovunjika hata kama ni ukubwa wa ukucha.

Kazi hii alirithishwa na mumewe, ingawa mume yu hai hadi leo. Mume ndiye aliyekuwa fundi, mke akimkorogea saruji. Siku moja ngazi ikateleza, mgongo wa mume ukaumia, na kuchuchumaa kukawa historia. Mama Vipande akashika mwiko na pimamaji, mume akawa anakaa kwenye kiti kumwelekeza.

"Nikikosea ananirushia kofia," anasema. "Kuna bafu moja nilirushiwa kofia mpaka mwenye nyumba akadhani tunagombana."

Wateja nao walimchosha. Mtu anafika mlangoni, anachungulia nyuma yake, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Akijibiwa kwamba ndiye anayezungumza naye, anaomba mume aje. "Nikawa namwambia baba watoto avae viatu, aje asimame tu pale kama nguzo, nifanye kazi yangu."

Wiki ile mume aliposimama mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya kuumia, Mama Vipande alikusanya vigae vilivyovunjika, akatengeneza msalaba mdogo na kuubandika juu ya mlango wa nyumba yao.

"Sikuwa nafanya sanaa. Nilitaka tu nikitoka na ndoo yangu asubuhi niuone," anasema. "Unikumbushe kwamba kuna siku niliomba nikasikilizwa. Sisi binadamu tukishashiba tunasahau upesi mno."

Jirani akauona, naye akataka wake. Mwingine akataka njiwa juu ya kitanda cha mtoto, mwingine mwanakondoo ukutani jikoni. Ikawa akimaliza kupanga bafu la mtu, anaulizwa kama vipande vimebaki. Fedha zake ni za kusuasua. Wengi huona ni mabaki tu, hawakumbuki kwamba mabaki nayo yana mtu anayeyapanga. Bado kazi ya bafu ndiyo inayolisha nyumba.

Na ni bafu lililomleta kwa Bibi Mkunga. Mwanawe, dereva wa lori la mchanga, alitaka vigae vya kukwaruza sakafuni ili mama asiteleze. Siku hiyohiyo sebule ilikuwa inasafishwa kwa ajili ya rangi mpya, na dereva akafika kwenye picha ya karatasi ndani ya fremu ya mbao. Ilikuwa ya Mchungaji Mwema, amembeba kondoo mabegani. Jua la dirishani lilikuwa limeifua mpaka Mchungaji amekuwa rangi ya maziwa.

"Mama, hii tuishushe tu," akasema. "Imekwisha rangi, na wewe mwenyewe huioni."

Bibi Mkunga akageuza uso kuelekea sauti ya mwanawe. "Haya. Na mimi nikikwisha rangi mtanishusha?"

Dereva akacheka. Akatambua anacheka peke yake, akaacha.

Mama Vipande, aliyekuwa amepiga magoti bafuni na mlango uko wazi, akanawa mikono, akaja kuketi karibu na bibi. Akamuuliza picha ile alikuwa anaitazama wakati gani.

"Kabla ya kutoka," bibi akamwambia. "Watoto hawazaliwi kwa ratiba, mwanangu. Unagongewa, unavaa kiatu kimoja, unatafuta kingine, na hofu imeshakukaba. Mama kule anavuja damu au hapana, mtoto amekaa vizuri au amekaa vibaya, hujui. Namtazama yule pale ukutani. Kondoo wake hajui njia, lakini hahangaiki. Basi moyo unatulia, natafuta kiatu cha pili."

"Na sasa?"

"Sasa siitwi popote, lakini hofu haijastaafu."

Mama Vipande akarudi bafuni, akapanga vigae viwili, akarudi tena sebuleni. "Bibi, nikikutengenezea Mchungaji wa kuguswa?"

Akapewa ukuta. Malipo yalikuwa chai na vigae vyote vilivyobaki. Akafanya kazi jioni baada ya mabafu ya watu wengine, na picha ilipokamilika mtaa ulimiminika kuitazama. Kanzu ya Mchungaji ya bluu, majani ya kijani, kondoo mweupe pe. Hata mama mmoja wa kwaya, aliyekuja kulalamika kwamba nyumba ya Mkristo haipaswi kuwa na sanamu, alijikuta anauliza bei.

"Saa ya ukutani haiabudiwi," Bibi Mkunga alimjibu kuhusu hilo la sanamu. "Inanikumbusha muda. Huyu ananikumbusha mwenye muda."

Kisha bibi mwenyewe akasogezwa ukutani. Vidole vikatembea juu, chini, kulia, kushoto.

"Ni ramani?" akauliza hatimaye. "Naona barabara nyingi tu."

Alipoondoa mkono, kidole chake kilikuwa na damu. Kigae kimemkata. Akakificha haraka ndani ya kiganja na kusema imependeza, lakini fundi alikuwa ameshaona.

"Nililia bafuni kwao, tena nimekaa juu ya vigae nilivyopanga mwenyewe," anakumbuka Mama Vipande. "Nilikuwa nimemtengenezea picha kila mtu mtaani isipokuwa yeye."

Kesho yake akaja na nyundo na tindo. Dereva alipomkuta anabomoa, akashika kichwa. "Fundi, mbona nzuri!"

"Nzuri kwako wewe," akajibiwa, na vumbi likaendelea kupaa.

Bibi Mkunga ndiye aliyemwita akae. Akamwambia ujinga wake uko kwenye macho. Akauchukua mkono wa fundi na kuuweka juu ya mto wa kochi, kama vile mto ni tumbo la mjamzito. "Mimi sijawahi kumwona mtoto kabla hajatoka, lakini nilikuwa namjua. Kichwa ni kigumu, cha mviringo. Mgongo ni laini, umenyooka. Miguu ni fujo tupu. Mkono ukikutana na fujo, unajua uko wapi. Wewe ulinipa kila kitu sawasawa, mgongo kama miguu, miguu kama nyasi."

Mama Vipande anasema hapo alisikia kama mtu amewasha taa kichwani mwake. Hakulala vizuri tena, kwa furaha. Mume alilalamika kwamba anaamka na kukuta mkewe anapapasa sufuria, anapapasa mlango, anampapasa uso. "Nikamwuliza, unatafuta nini? Akaniambia tulia, naangalia pua inaanzia wapi," anasema mzee huyo, bado anashangaa.

Safari hii alianza kwa kuinua ukuta. Alijaza saruji ili Mchungaji atokeze mbele, na kondoo atokeze zaidi. Manyoya ya kondoo akayafanya kwa migongo ya vigae, ile sehemu ya kukwaruza ambayo kwa kawaida hufichwa. Kanzu akaipanga kwa vipande virefu vinavyoshuka. Uso akaufanya kwa kigae kinachong'aa, laini kama kikombe. Kila ukingo ukapigwa msasa. Rangi aliziokota zilivyokuja. Ndiyo maana Mchungaji huyu ana sikio moja la kijani, na Mama Vipande hana habari.

Sasa mlango wa chumbani unafunguliwa. Bibi Mkunga anatokea na gauni lake la kanisani, mkono kwenye bega la mwanawe. Fundi anafungua kitambaa machoni, kisha anakosa pa kuiweka mikono yake.

Bibi anaanzia chini. "Nyasi," anasema mara moja. Anapanda. "Hii nguo. Imeshuka vizuri." Vidole vinafika begani, vinaingia kwenye manyoya na kusimama. Vinashuka polepole, vinakutana na kwato nne, zote zimebanwa na mkono mmoja wenye nguvu.

"Miguu!" anapiga ukelele. "Fundi, miguu hii hapa! Na amemshika! Huyu hatoki, amemshika kweli!"

Dereva anacheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja. Bibi anapanda hadi usoni, anazunguka shavu, anafika kidevuni. "Umemwekea na ndevu, we mtoto!" Kisha anarudi kwenye ule mkono ulioshika kwato, anauwekea kiganja chake juu, na midomo yake inaanza kusogea bila sauti.

"Mama, unasema nini?" anauliza mwanawe.

"Hayakuhusu. Nina mazungumzo."

Wanamwacha. Nje, kwenye kibaraza, Mama Vipande anashindwa kumaliza chai. Anakaa, anasimama, anakaa. "Umemsikia? Amesema miguu! Hakuambiwa na mtu!" Dereva amejaribu naye kufumba macho na kupapasa, akasema kondoo ni godoro, na fundi amemwambia akapimwe vidole.

Habari imeshatoka mtaani. Msimamizi wa watoto wasioona katika shule moja ameulizia kama kazi hii inaweza kufanyika kwenye mbao za kuhamishika, kwa sababu wazazi wengi ni wapangaji, na mpangaji hahami na ukuta. Mama Vipande amejibu inawezekana, na seremala jirani tayari amemkatia mbao.

Lakini agizo linalomnyima usingizi kwa sasa limetoka kwa mwimbaji wa besi wa kanisani kwao, mwanamume ambaye hajaona chochote tangu azaliwe. Amemwambia anataka picha ya Yesu akitembea juu ya maji, aitundike karibu na kitanda chake. Bei wamekubaliana. Tatizo ni maji.

"Nimeshaharibu mbao tatu," anasema Mama Vipande, akionyesha uani kwake vipande vya bluu vilivyotapakaa. "Nikiyafanya laini, yanakuwa meza. Nikiyafanya ya mawimbi, yanakuwa mlima. Nataka mkono ujue kabisa kwamba hapa mtu angezama."

Anachukua ubao wa nne, anaupangusa vumbi kwa aproni, kisha anampigia simu mwimbaji.

"Njoo Jumamosi uguse maji kwanza," anamwambia. "Ukisikia umelowa, ndipo nitamweka Yesu juu yake."