Mbina Ndani ya Ukumbi wa Video

Sipendi katuni za anga. Wanangu wakiwasha televisheni nikaona chombo kinakatiza kati ya nyota, nachukua ungo wangu natoka nje kuchambua mchele. Wananiona mama mwenye roho mbaya. Na wanione hivyo. Chuki hii ilianzia kwenye ukumbi wa video wa baba mdogo, machimboni karibu na Runzewe, miaka ya tisini, na haijapoa.

Baba na baba mdogo walizaliwa tumbo moja, wakagawanyika kwenye ngoma. Baba alikuwa manju wa Bagalu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo zao. Baba mdogo aliimba upande wa pili, wa Bagika. Kwetu Wasukuma hilo si jambo dogo. Baada ya mavuno huja mbina, mashindano ya ngoma: pande mbili zinacheza siku moja, uwanja mmoja, na watazamaji wanahamia kwa anayewavuta. Mwamuzi hayupo. Mwenye watu ameshinda, na aliyebaki na uwanja mtupu ataimbwa kwa kejeli mpaka mavuno mengine. Baba alimshinda mdogo wake kila walipokutana. Mwishowe baba mdogo akaacha ngoma, akanunua deki, televisheni na jenereta, akajenga ukumbi wa mabati na turubai. Watu wakaniambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nililima kweli, ila kapu la kuvunia sijalishika mpaka leo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani tu. Baba mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Nenda kwa baba yako mdogo ukatafsiri hizo picha zake. Tumbo halina Bagalu wala Bagika." Nikawa nakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, wachimbaji wametoka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na vumbi lao, nawaeleza kwa Kiswahili wazungu wanasema nini.

Siku moja baba mdogo akaleta kanda kutoka Kahama. Ilikuwa katuni, lakini si hadithi moja. Zilikuwa hadithi fupi fupi nyingi, zote za ulimwengu uleule: vita vilevile kati ya falme mbili za nyota, vyombo vilevile, maaskari walewale wa chuma. Ila kila hadithi ilikuwa na watu wake na mchoraji wake, kwa hiyo hata sura zilibadilika. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke rubani. Ilipokwisha, ya pili ikaanza na mzee mwenye ndevu anayelima kwenye mwezi, na yule rubani hakuonekana tena.

Ukumbi ukachafuka. Stelingi, mhusika mkuu, amekwenda wapi? Stelingi hafi, kila mtu anajua hilo. Nikawaeleza kuwa hii ni hadithi nyingine, dunia ni ileile. Wakanizomea, wakasema sijui Kiingereza.

Ndipo mzee mmoja wa karasha, aliyesaga mawe ya dhahabu tangu asubuhi na bado ana unga wa mawe kwenye nyusi, akasimama. "Nyamazeni," akasema. "Si mnaona? Hii ni mbina. Wale wa kwanza wamemaliza zamu yao, sasa wanaingia wa upande wa pili. Kila kundi na manju wake."

Ukumbi mzima ukaelewa. Rubani alikuwa Bagalu, mzee wa mwezini Bagika. Watu wakainuka na mabenchi yao, wakajigawa, Bagalu kushoto, Bagika kulia, na tangu hapo kila hadithi ikapewa upande na kushangiliwa. Hakuna aliyenisikiliza tena. Nilitafsiri kifo cha mtoto huku Bagika wakipiga miluzi kwamba wameshinda. Niliwachukia wote siku ile.

Baba mdogo hakukasirika hata kidogo. Alisimama mlangoni akitabasamu, na mimi namjua, hatabasamu bure. Kesho yake akabandika tangazo sokoni: Mbina ya angani, Bagalu na Bagika. Siku aliyoichagua ilikuwa siku ya mbina ya baba.

Baba alikuwa ameitayarisha mbina ile tangu mahindi yakiwa mabichi. Alikuwa mzee sasa, kifua kinambana, na vijana walishaanza kusema manju yule amekwisha. Alijua asipojaza uwanja safari hii, wafuasi wake watatafuta manju mwingine. Aliniambia hivyo waziwazi, akifunga njuga miguuni. Nikamwambia leo sitafsiri, nitakwenda naye.

Tulipofika uwanjani tulikuta mbuzi tu. Wapinzani wetu, Bagika, hawakuja, walikuwa ukumbini. Wafuasi wetu nao wakatoroka mmoja mmoja, hata mpiga ngoma akaweka ngoma chini akasema anakwenda haja ndogo.

Baba alivuka barabara kuelekea ukumbini, njuga zikilia, nami nyuma yake. Alipoinama kuingia mlangoni, watu wakageuka wakamwona na shanga zake na usinga mkononi, wakashangilia: "Bagalu wameongezeka!" Wakasogea kwenye benchi la kushoto wakamwachia nafasi. "Kaa hapa, manju. Upande wetu unaingia sasa hivi."

Walisema kwa heshima, na hapo ndipo nilipotaka kuuchoma ukumbi ule.

Baba hakukaa. Akasimama mbele ya televisheni, akaanza kuimba. Alimwimba mdogo wake kwa Kisukuma, mtu aliyeshindwa kuvuta watu kwa koo lake akakodi koo la mashine. Watu wakaanza kucheka, kisha wakaitikia. Baba mdogo, akidhani baba atanyamaza, akatoka akazima jenereta; madirisha yalizibwa kwa magunia, ukumbi ukawa giza. Baba akapandisha sauti. Akatoka akiimba, na ukumbi mzima ukamfuata mpaka uwanjani, Bagalu na Bagika pamoja. Niliwaona kwa macho yangu, wamejaa.

Kisha jenereta likawashwa tena.

Kwanza waligeuza vichwa tu. Halafu wa nyuma wakaondoka, halafu wa katikati, wakitembea haraka ili wasipitwe na zamu ya upande wao. Yule mzee wa karasha alimpungia baba mkono kabla ya kukimbia. Baba aliendelea kuimba akiwatazama migongo. Ng'ambo nilimsikia baba mdogo ameshika kipaza sauti, anatafsiri mwenyewe, na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alikuwa akibuni tu, na watu walikuwa wakiangua vicheko.

Baba akakatiza wimbo, akafuta jasho kwa usinga. "Nenda, ng'wanone," akaniambia, mwanangu. "Anawaharibia hadithi. Wanakuhitaji."

"Siendi," nikasema. "Endelea."

Akanitazama, kisha akaanza tena ubeti uleule, taratibu kwa ajili ya kifua chake. Ulipofika mahali pa umati kuitikia, niliitikia peke yangu.