Niliwapa Unga Watoto Ambao Hawakutakiwa Kupewa

Admin, nifichie jina tafadhali, kazi bado naihitaji. Mimi ni mdada wa miaka 29, sijaolewa, nimepanga chumba Utemini, Singida mjini. Mwaka jana nilipata kazi ya kukusanya taarifa kwenye utafiti wa serikali. Walitaka kujua kama unga wa lishe unaogawiwa vijijini unawasaidia watoto kweli, au hela ipelekwe kwingine.

Utafiti ulikuwa hivi: kijiji kimoja kinapewa unga kila mwezi, cha jirani hakipewi kitu, halafu watoto wa pande zote wanapimwa ili walinganishwe. Mimi nikapangiwa kijiji kisichopewa, huko Iramba. Kazi yangu ni kuuliza jana mlikula nini, kumzungushia mtoto mkononi utepe wa kupima utapiamlo, kujaza kwenye tableti, kuondoka. Utepe ukisoma nyekundu nampeleka zahanati. Ukisoma njano, yaani ameanza kudhoofu, naandika tu njano.

Kuna bibi mmoja, mjukuu wake alisoma njano mara mbili. Nikimuuliza walikula nini, ananijibu, "Ugali na mlenda, mwanangu. Na juzi hivyo hivyo. We andika tu." Na kila nikiaga ananifungia karanga kwenye kitambaa, eti mgeni hatoki mikono mitupu. Nilizitafuna zile karanga njiani huku nikijichukia.

Safari iliyofuata nikampelekea unga wa lishe niliosagisha mwenyewe. Jirani akaona. Sasa ningempa huyu nimnyime yule? Nikawa nabeba wa nyumba zote nilizopangiwa, hazikuwa nyingi. Niliwaomba wasiseme, na hawakusema. Watoto wakaanza kusoma kijani. Nilifurahi, sitadanganya.

Wiki iliyopita msimamizi wetu akaniita ofisini, anatabasamu. "Hongera, taarifa zako zimenyooka. Kijiji chako hakipewi kitu, lakini watoto wako sawa na wa jirani wanaopewa. Kumbe unga hausaidii. Tutapendekeza usitishwe."

Nikasema asante. Nikatoka, nikanunua chapati, nikala. Sikulia. Mpaka leo sihisi kitu, nimekufa ganzi. Wanasema tenda wema nenda zako. Mimi nilienda zangu, wema ukabaki kwenye tableti.

Nilimweleza mama yangu. Akasema, "Nyamaza. Umelisha watoto, hujaiba." Lakini nikinyamaza, watoto wa kile kijiji jirani wanakatiwa unga kwa sababu yangu. Nikisema ukweli, nafukuzwa, na kazi ya wenzangu ya mwaka mzima inatupwa. Ripoti inapelekwa Jumatatu.

Jana nimeletewa mkataba mpya. Wamenipangia kile kijiji jirani, nikawapime watoto baada ya unga kukatwa, tuone watakuwaje. Kalamu ninayo hapa. Ndugu zangu, msinitukane, nishaurini tu: nisaini?