Nyuzi Kumi na Mbili Nilizokataza Kuguswa

Mume wangu alifia hospitali, na gitaa lake likabaki juu ya kitanda, upande wake, nyuzi zote zimekazwa. Alikuwa amezikaza mwenyewe baada ya adhuhuri, akasema atapiga akishasali alasiri. Alasiri haikumkuta nyumbani.

Nilieleze kwanza gitaa lenyewe, maana mtu akisikia gitaa hufikiri lile la nyuzi sita. Hili ni la umeme na lina nyuzi kumi na mbili. Zimekaa mbili mbili, karibu karibu, huwezi kuugusa mmoja ukamwacha mwenzake. Rangi yake nyekundu katikati, pembeni inaingia weusi. Alilipata Unguja ujanani kwake, kwa Mgoa mmoja aliyekuwa anahama, siku hizo yeye na wenziwe watatu wana bendi isiyo na mwimbaji. Suruali zimewabana, nywele zimepakwa mafuta, wamesimama mstari mmoja, na hakuna anayefungua mdomo. Watu wakicheza kwa magitaa matupu. Mama yangu akiwaita bendi ya mabubu. Mimi nikaja kuolewa na bubu mmoja.

Tulipohamia Dubai alikuja na sanduku moja la nguo na hilo gitaa. Bendi ilikuwa imekufa zamani. Mchana alikuwa karani wa mizigo hapa Deira, jioni anapiga peke yake, sauti ameipunguza kwa ajili ya majirani. Sifichi, mimi sikuwa nikilipenda. Kulikaza mpaka nyuzi zote zikubaliane kulimchukua muda kuliko kupiga kwenyewe. Kisha akimaliza anazilegeza zote, moja moja, ndiyo analilaza katika kasha lake. Kila siku hivyo, miaka nenda miaka rudi.

"Ingekuwa mimi natandika kitanda na kukitandua vivi hivi, ungeniita mwehu," nilimwambia.

"Shingo hii imebeba watu kumi na wawili, mke wangu. Waache wapumzike."

Nilidhani ni maneno yake tu ya kunikimbia nisimpe kazi.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, bila manukato. Wanawake walikuja wiki ya kwanza wakajaa mpaka jikoni, wiki ya pili wakaja wachache, halafu nikabaki na kuta. Zamani jengo letu lilikuwa na nyumba nne za watu wa kwetu. Sasa waliomo ni vijana wa kazi, kitanda juu ya kitanda, na kila mmoja ana lugha yake. Wana adabu, hawana ubaya. Lakini Kiswahili nilikuwa nakisema na simu tu, na simu nayo huchoka.

Siku moja mkwe wangu alikuja na binti yangu kutoka Abudhabi. Akachungulia chumbani akasema, "Mama, lile gitaa halifai kuachwa vile. Nilichukue, likalegezwe nyuzi."

"Usiliguse."

"Litaharibika, Mama."

"Nimesema usiliguse. Wewe ulilikaza?"

Binti yangu akanitazama jicho la kunionya, nami nikamrudishia lake.

Nilikuwa na sababu yangu. Nguo za marehemu zilikwisha kutolewa sadaka. Fimbo yake aliichukua mzee wa msikitini. Dawa zilitupwa, miwani alichukua mwanangu wa Maskati. Kila kitu mkono wa mtu umeshapita. Kazi ya mwisho ya mkono wake mwenyewe ilikuwa zile nyuzi, na nilijua akija mtu akazungusha kigingi kimoja tu cha kukazia, basi, imekwisha, hairudi tena. Nikalifunika kanga, nikafunga mlango kwa ufunguo. Kiyoyozi cha chumba kile nikakizima, maana sikuona sababu ya kuwapoza wasiokuwamo. Nikalala ukumbini, kwenye kochi. Nje ilikuwa kiangazi cha hapa, kile ambacho hata bomba la maji baridi linatoa maji ya moto.

Nilipotoka eda nilioga, nikavaa, nikafungua mlango. Joto lilinipiga usoni kama la tanuri. Nikaondoa kanga. Sikusoma, madrasa na darasa nne basi, lakini mlingoti uliopinda naujua. Nyuzi zilikuwa zimesimama mbali na shingo, kidole changu kinapita chini yake. Shingo ilikuwa imeinama mbele kama mtu anayevutwa kwa nywele.

Binti yangu akanipa anwani ya fundi, Mkenya wa bara, anatengeneza magitaa dukani Oud Metha. Nikenda na teksi, gitaa nimelipakata, sikulitia kashani wala kwenye buti ya gari. Fundi ni mtu mzima, mvi zimeanza, mnyenyekevu. Alilipokea kwa mikono miwili akalitazama muda mrefu.

"Shosho, hii umeitoa wapi? Kitu kama hii mimi nimeonaga kwa picha tu."

"Mie si shosho yako, wala bibi yako. Nimelitoa kwangu."

"Sawa, mama. Pole. Sasa hii shingo imepinda. Lazima nilegeze hizi nyuzi zote saa hii, kabla sijafanya kitu kingine."

"Hapana. Tengeneza shingo, nyuzi uziache kama zilivyo."

Akacheka kidogo, akaona sicheki. "Mama, ni hizo nyuzi ndizo zinaivuta. Ni kama mtu amebebeshwa gunia, unaniambia nimtibu mgongo na gunia liko juu yake."

"Alizikaza marehemu. Siku ile ile aliyokufa. Nataka zikae alivyoziacha."

Hapo akaelewa. Akaliweka gitaa mezani taratibu, akavuta kiti nikae. Kisha akachukua kidude kidogo chenye taa, akakibana kichwani mwa gitaa, akagusa uzi mmoja.

"Kama alikuwa amekaza sawa, hii taa ingekaa hapa katikati. Ona penye imeenda." Akagusa wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na mbili. Taa haikukaa katikati hata mara moja. "Zote zimehama, mama. Vile aliacha, haiko tena."

"Zimehama lini?"

"Chumba kilikuwa na AC?"

"Nilikizima."

Akajikuna shingo. "Basi hata wiki haikuisha."

Nikahesabu mwenyewe kimya kimya. Miezi minne na siku kumi nimelinda mlango, nimemfukuza mkwe wangu, nimelala kwenye kochi mgongo unauma, na nilichokuwa nakilinda kiliondoka wiki ile ile ya matanga. Nilikuwa nalinda joto. Nikamwambia, "Hukuwa na haja ya kunionyesha."

"Ungekataa, mama. Na ingevunjika."

Alisema kweli, ningekataa. Nikanyosha mkono. "Nipe. Nitazilegeza mwenyewe."

Hakubisha. Akanionyesha: kidogo upande huu, kidogo upande ule, shingo isije ikashtuka. Nikazungusha. Kila uzi ulishuka sauti, ukashuka, mpaka ukawa kama mtu anayeguna usingizini, kisha ukanyamaza. Vigingi vilikuwa vigumu, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Nilipofika wa saba fundi aliinua mkono kunisaidia, akaushusha mwenyewe. Sikulia. Nilipomaliza wa kumi na mbili niliyaacha mikononi mwake mambo mengine, nikarudi Deira mikono mitupu. Usiku ule nilifungua kiyoyozi cha chumbani, nikalala kitandani kwangu, upande wangu.

Baada ya wiki tatu fundi alinipigia simu. Alisema ndani ya shingo mna chuma, amekikaza kidogo kidogo kila siku, na shingo imerudi, si yote, ila ya kutosha. Nikenda. Alikuwa ametia nyuzi mpya, na zile za zamani amezikunja ndani ya bahasha. Bahasha nikamwachia. Akaniuliza kama anaweza kulijaribu.

"Ndiyo kazi yake," nikasema.

Akapiga kitu cha kwao, cha polepole.

"Hicho cha kanisani?"

"Ndiyo, mama. Ndicho nakijua vizuri. Niwache?"

Nilisikiliza. Mume wangu alikuwa akigusa nyuzi kwa haraka, kama zinamchoma vidole. Huyu anazikawiza, anangoja sauti ife ndipo atoe nyingine. Haukuwa mkono wa marehemu hata kidogo, wala haukukaribia. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia aendelee.